Damu Moja, Ripoti Mbili

Barua nyingi zilizofika mwezi huu katika safu hii ya daktari wa damu zimegusa ugonjwa mmoja: saratani ya damu iendayo kasi, lukemia kali ya mailoidi. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu swali lake naulizwa karibu kila wiki kliniki, na mara nyingi nalijibu nikiwa nimesimama kwenye korido, ndugu wa mgonjwa akinifuata nyuma na karatasi mkononi.

Shikamoo Daktari. Mimi ni fundi seremala, miaka 41, wa Korogwe. Mdogo wangu wa miaka 34, mwalimu wa hesabu, amegundulika kuwa na lukemia kali ya mailoidi. Alianza kwa kuchoka na homa, akatibiwa malaria mara 2, kisha fizi zikavimba zikawa zinatoka damu. Uboho ulitolewa Dar es Salaam, sampuli ikapelekwa nje ya nchi, majibu yakarudi baada ya wiki 3. Yameandikwa: NPM1 ipo, FLT3-ITD ipo, uwiano 0.31, DNMT3A ipo. Mwisho wake: kundi zuri. Tulipompelekea daktari mwingine, akakata kwa kalamu akaandika kundi la kati. Nani mkweli? Mama analia kwamba ni damu ya ukoo wetu, kwani baba mdogo naye alikufa kwa kuishiwa damu. Tumezaliwa 5. Twende wote tukapimwe? Mgonjwa amemaliza dozi ya kwanza ya kemo. Naomba uniambie ukweli, ana muda gani? — Kaka mtu, Korogwe

Marahaba, ndugu yangu. Pole wewe, na mfikishie mama pole yangu. Barua yako nimeisoma mara 3. Nitaanza na ile kalamu ya daktari wa pili, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi.

Hakuna aliyekudanganya. Kila mmoja ameshika jedwali la mwaka wake. Sisi madaktari wa damu tunafuata sana jedwali linaloandaliwa na wataalamu wa Mtandao wa Lukemia wa Ulaya. Linaangalia kromosomu na jeni za seli za ugonjwa, kisha linampanga mgonjwa katika kundi zuri, la kati au baya. Toleo la 2017 lilisema hivi: mwenye NPM1 akiwa pia na FLT3-ITD, makosa mawili ya jeni nitakayokueleza hapa chini, tazama uwiano. Ukiwa chini ya 0.5, yuko kundi zuri; ukifika 0.5 au kupita, yuko la kati. Mdogo wako ana 0.31, kwa hiyo maabara ile ilimweka kundi zuri. Toleo la 2022 likaufuta uwiano huo. Sasa mwenye NPM1 na FLT3-ITD anahesabiwa kundi la kati, uwiano uwe mkubwa au mdogo. Daktari wa pili amefuata toleo hili jipya, nami ningefanya hivyohivyo, ila ningekaa chini nikueleze kabla ya kushika kalamu.

Uwiano wenyewe ni nini? Wewe ni seremala, kipimo unakijua, basi nifuate taratibu. FLT3 ni jeni yenye maelekezo ya kutengeneza kipokezi kinachokaa juu ya seli changa ya damu, mfano wa kengele ya mlangoni. Ikibonyezwa, seli inapata habari kwamba izaane. ITD maana yake kipande cha jeni hiyo kimenakiliwa tena na nakala ikapachikwa palepale. Kengele inanasa. Inalia usiku na mchana bila mtu kuibonyeza, na seli zinazaana bila kukomaa. Maabara wanaikuza sehemu hiyo ya jeni, kisha mashine inapima urefu wake. Kwenye skrini unaona mlima mmoja mrefu, ambao ni jeni isiyo na kasoro. Pembeni, upande wa kulia, unasimama mlima wa pili, kwa sababu jeni yenye kipande cha ziada ni ndefu zaidi. Unachukua eneo la mlima wa pili, unaligawa kwa eneo la ule wa kwanza. Kwa mdogo wako imetoka 0.31.

Sasa fikiria sindano imevuta uboho uliochanganyika na damu nyingi: mlima wa pili unashuka. Maabara nyingine ikitumia njia yake, unapanda. Mgonjwa wa 0.48 na mgonjwa wa 0.52 walikuwa wanatenganishwa kama Unguja na Pemba, wakati tofauti yao ingeweza kuwa mkono wa aliyevuta sindano tu. Hiyo ni sababu mojawapo ya kuuondoa uwiano. Sababu nyingine ni kwamba dawa za kuizima kengele hiyo zimepatikana, na kwamba tuna kipimo kinachoona mbele vizuri zaidi. Nitakifikia.

NPM1 ndiyo habari njema iliyomo katika karatasi yako. Huonekana kwa karibu theluthi moja ya watu wazima wenye ugonjwa huu. Kosa lenyewe ni dogo mno: kwa kawaida ni herufi 4 tu zilizoongezeka karibu na mwisho wa jeni. Lakini herufi hizo 4 zinaipoteza njia protini ambayo makazi yake ni ndani ya kiini cha seli, ikaishia nje ya kiini. Profesa Brunangelo Falini na wenzake wa Perugia, Italia, waliligundua jambo hili na kulitangaza mwaka 2005. Walipaka rangi slaidi za uboho, na badala ya rangi kukaa kwenye kiini, wakaiona imetapakaa pembeni yake. Ukiiona mara moja kwenye hadubini huisahau. Seli zenye kosa hili, kengele ikiwa haijanasa, husikia dawa vizuri.

DNMT3A mara nyingi ndilo kosa lililotangulia. Huweza kukaa kwenye uboho wa mtu miaka kadhaa akiwa mzima, analima na kufundisha, hadi makosa mengine yanapoongezeka juu yake. Utafiti wa wagonjwa 1,540 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba hizi tatu zikikutana kwa mtu mmoja, ugonjwa huwa mkaidi kuliko NPM1 ikiwa peke yake. Umeomba ukweli, basi hilo sikufichi. Lakini nakuonya mapema: baada ya matibabu huenda ripoti ikasema DNMT3A bado ipo. Usikimbie na karatasi hiyo kwa mama. DNMT3A inaweza kubaki hata ugonjwa ukiwa umetulia kabisa, na kubaki kwake peke yake si dalili kwamba ugonjwa unarudi. NPM1 ndiyo ya kuiangalia kwa jicho kali, kwa sababu hiyo ugonjwa ukiondoka nayo huondoka.

Sasa muda. Katika wagonjwa waliowahi kuhesabiwa, kundi linalomkaribia mdogo wako ni la utafiti wa dawa ya midostaurini, uliotolewa mwaka 2017. Ulihusu wagonjwa 717 wa miaka 18 hadi 59, wote FLT3 yao imeharibika. Wote walipata kemo ya kawaida, sitarabini siku 7 na daunorubisini siku 3. Nusu wakaongezewa vidonge vya midostaurini kuanzia siku ya 8 hadi ya 21 ya dozi, wengine vidonge visivyo na dawa. Baada ya miaka 4, waliokuwa hai ni 51 kati ya kila 100 upande wa midostaurini, na 44 kati ya kila 100 upande wa pili. Ndani ya hao 51 wapo waliokuwa na NPM1 na wapo ambao hawakuwa nayo, wapo waliopandikizwa uboho na wasiopandikizwa. Hesabu hiyo ni ya umati. Mwalimu wa hesabu atalielewa hilo kuliko mimi na wewe. Mpe aisome mwenyewe, ni karatasi yake.

Muulizeni daktari wake kuhusu vidonge hivyo wiki hii hii. Ni ghali, na si kila hospitali inayo. Lakini kuuliza leo ni tofauti na kuuliza baada ya dozi ya tatu.

Kile kipimo nilichokuahidi ni hiki. Baada ya dozi ya pili ya kemo, damu inachukuliwa kutafuta mabaki ya NPM1, hata kama hadubini haioni ugonjwa tena. Madaktari wa Uingereza walichapisha matokeo yake mwaka 2016. Wagonjwa ambao NPM1 ilikuwa bado inasikika kwenye damu baada ya dozi ya pili, 82 kati ya 100 ugonjwa uliwarudia ndani ya miaka 3, na waliokuwa hai ni 24 kati ya 100. Wale ambao haikuonekana tena, uliwarudia 30 kati ya 100, na waliokuwa hai ni 75 kati ya 100. Tazama pengo hilo. Watu walioanza na ripoti zinazofanana wametengana hivyo kwa kipimo kimoja cha wiki kadhaa mbele. Ndiyo maana mtu akiniuliza nitabiri siku ya kwanza, namwomba aniulize tena baada ya dozi ya pili. Na ripoti nyingine kutoka Uingereza, ya mwaka 2024, imeonyesha kwamba hata wenye FLT3-ITD, NPM1 ikipotea kabisa kwa kipimo hiki, kupandikizwa uboho mapema hakukuwaongezea uhai kwa kiwango cha kuonekana wazi. Ikibaki, kupandikizwa kulisaidia sana. Kwa hiyo uamuzi wa kupandikiza au kutopandikiza, ambao kwa familia nyingi ni uamuzi wa kuuza nyumba, unaning'inia kwenye kipimo hicho. Uliza sasa kama hospitali inaweza kukifanya au kukituma, na kwa gharama gani, msije mkakimbizana dakika za mwisho.

Kuhusu mama. Mwambie, kwa maneno yangu kama itasaidia: mama, hukumpa. Uboho hutengeneza seli za damu mabilioni kwa mamia kila siku, na kila seli inapogawanyika inanakili maandishi yote ya mwili. Makosa ya kunakili yanatokea kwa kila mmoja wetu. Watafiti wa Marekani waliopekua uboho wa wagonjwa 200 wa ugonjwa huu, wakatoa matokeo mwaka 2013, walikuta kwa wastani jeni 13 tu zimeharibika kwa kila mgonjwa, idadi ndogo ukilinganisha na saratani nyingi za watu wazima. Seli moja, makosa machache, yametokea mtu akiwa tayari amezaliwa na kukua. Hayakutoka kwa baba wala mama, hayakutoka kwa jirani, na hayawezi kwenda kwa watoto wake.

Zipo familia chache ambazo kweli jeni ya kurithi inawaelekeza kwenye ugonjwa huu. RUNX1, GATA2, DDX41 na CEBPA ni baadhi ya jeni hizo. Za mdogo wako si za namna hiyo. Hata hivyo habari ya baba mdogo mpeni daktari, aiandike, hasa ikiwa mmoja wenu atatoa uboho. Huko ndiko ninyi wanne mnakohitajika. Kupimwa saratani hakuna haja. Pimeni kama mnalingana naye kwa ajili ya kupandikiza. Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kabisa. Mkiwa wanne, uwezekano wa kupata angalau mmoja ni zaidi kidogo ya theluthi mbili. Asipopatikana, siku hizi hata mzazi au mtoto anayelingana nusu huweza kutoa.

Nina jambo moja la mwisho kwako, na hili limo moyoni mwangu miaka mingi. Nilipokuwa daktari mchanga, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilimpokea mwanamke wa miaka 29, muuza vitumbua. Sampuli ilikwenda nje, ikarudi na habari kwamba kromosomu namba 8 na namba 21 zimebadilishana vipande. Kundi zuri kabisa, mwaka ule na hata leo. Nikamwita mumewe na dada yake, nikawaambia nikiwa nacheka kwa furaha kwamba huyu anapona. Siku ya 13 ya dozi ya kwanza, usiku, homa ikapanda. Chembe nyeupe zilikuwa karibu na sifuri. Antibiotiki aliyoihitaji haikuwemo kwenye kabati la wodi, na duka la dawa lilikuwa limefungwa. Ilipatikana saa 3 asubuhi. Adhuhuri haikumkuta hai. Dada yake alinifuata na karatasi ya kromosomu, akaniuliza, "Si ulisema ni kundi zuri?"

Majedwali yale yamehesabiwa kwenye hospitali ambako mgonjwa akipandisha joto la 38 usiku wa manane, antibiotiki inaingia kwenye mshipa ndani ya saa moja. Hawakuandika hilo kwenye jedwali kwa sababu kwao ni kitu cha kila siku. Kwa hiyo, kaka mtu, kazi yako kubwa kuliko kusoma ripoti ni hii: nunua kipimajoto. Mgonjwa awe karibu na hospitali wiki zote ambazo chembe nyeupe ziko chini, safari ya Korogwe isubiri. Ikifika 38, nendeni wakati huohuo. Msimpe panadoli mkasubiri kupambazuke. Muulize muuguzi mapema antibiotiki ipo wapi na nani ana ufunguo. Na ninyi ndugu na walimu wenzake jipangeni kutoa damu kwa zamu, msije wote siku moja, kwa sababu chembe sahani, zile za kugandisha damu, hazitunziki zaidi ya siku 5 hadi 7.

Dokta, salamu. Baba yangu ana miaka 71, mstaafu wa bandari. Miaka 6 iliyopita alitibiwa saratani ya tezi za limfu kwa kemo akapona. Sasa ana lukemia kali ya mailoidi, na ripoti inasema TP53 imeharibika na kromosomu nyingi zimevurugika. Daktari amependekeza azasitidini na venetoklaksi. Kaka zangu wanataka tuuze shamba la minazi la Kilifi twende India akapandikizwe uboho. Baba hajui, tumemwambia damu imepungua tu. Tufanyeje? — Binti mkubwa, Mombasa

Binti yangu, pole sana. Jibu langu ni zito na nitalisema polepole.

TP53 ni jeni iliyo mlinzi. Seli ikiharibika maandishi yake, mlinzi huyu anaisimamisha, na ikishindwa kurekebishika anaiamuru ife. Kemo nyingi zinamtegemea yeye: dawa inaharibu maandishi ya seli ya saratani, naye anaimalizia. Akiwa hayupo, seli inaumia lakini haifi. Kwa wazee waliowahi kupata kemo zamani tunaiona hali hii zaidi, kwa sababu dawa zile huziondoa seli zenye mlinzi na kuziacha zisizo naye. Usijilaumu kwa matibabu yale. Ndiyo yaliyompa miaka 6.

Dawa mbili alizopendekeza daktari ni chaguo zuri kwa umri wake. Katika utafiti wa mwaka 2020, wagonjwa wasioweza kemo kali waliopewa dawa hizo mbili, nusu yao walikuwa bado hai ilipofika miezi 14.7, na waliopewa azasitidini peke yake ilikuwa miezi 9.6. Lakini hao ni wagonjwa wa jeni za kila aina. Wenye TP53 iliyoharibika, hasa kromosomu zikiwa zimevurugika pia, huwa chini ya hapo. Mara nyingi chini ya mwaka. Ugonjwa unaweza kutulia kwa miezi kadhaa, akapata nguvu ya kukaa barazani, kisha ukarudi.

Mimi nisingeuza shamba. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta, nikaiandika tena. Kupandikizwa uboho katika miaka 71 ni safari ngumu hata kwa mwenye jeni nzuri, na kwa wenye TP53 iliyoharibika ugonjwa huwarudia wengi hata baada ya kupandikizwa. Kaka zako wana mapenzi, sina shaka. Waombe wamuulize daktari swali moja: ugonjwa wa baba ukitulia kwa dawa hizi, je, wewe mwenyewe utaandika barua ya kumpeleka kupandikizwa? Akisema ndiyo, mtazungumza upya mkiwa na sababu. Akisema hapana, msinunue matumaini kwa minazi ya mzee mwenyewe.

Halafu mwulizeni mwenye minazi. Mtu aliyefanya kazi bandarini maisha yake yote anajua mzigo unapofichwa. Anaona mnavyonyamaza akiingia. Sisemi mumwage habari yote mezani. Kaa naye ukiwa peke yako, umwambie: "Baba, daktari ana maelezo kamili ya ugonjwa huu. Ungependa akueleze wewe, au atueleze sisi?" Kisha nyamaza umsubiri. Akisema "ongeeni ninyi", umepata ruhusa yake, na ni jambo jingine kabisa na kumficha. Akisema "nataka kujua", basi mpeni, maana huenda ana deni la kulipa, wosia wa kuandika au ndugu wa kupatana naye, na miezi hiyo ni yake.

Ombeni pia huduma ya tiba shufaa tangu sasa, sambamba na dawa, msingoje ziishe. Maumivu, kichefuchefu na hofu ya usiku vina matibabu.

Habari za kazi Daktari. Mimi ni muuguzi kwenye kituo cha afya mkoani Kigoma. Mwezi uliopita alikuja kijana wa miaka 22, fizi zinavuja damu, mwili una mabaka ya zambarau. Tulimchoma sindano ya msuli, pakavimba na damu haikukoma. Tukampa rufaa, akafia njiani kwa kichwa kuuma ghafla. Hospitali walisema huenda ilikuwa saratani ya damu. Kama ripoti za jeni zinachukua wiki 3, sisi wa huku tunasaidia nini? — Muuguzi, Kigoma

Mwanangu, asante kwa kuuliza badala ya kunyamaza. Sikumwona kijana huyo, siwezi kukwambia alikuwa na nini. Nitakwambia ugonjwa ambao unavyomweleza ndio wa kwanza kunijia akilini: aina moja ya lukemia hii iitwayo lukemia ya promailositi.

Chanzo chake ni kromosomu namba 15 na namba 17 kubadilishana vipande. Janet Rowley wa Chicago ndiye aliyelionyesha hilo, mwaka 1977. Alikuwa akikata picha za kromosomu na kuzipanga juu ya meza ya kulia chakula nyumbani kwake, hata watoto wake wakasema mama anacheza na vikaratasi. Mwaka 1985 huko Shanghai, daktari Wang Zhenyi akampa mtoto wa kike wa miaka 5 dawa itokanayo na vitamini A, iitwayo ATRA, na mtoto akapona. Madaktari wa Harbin nao wakaleta aseniki, sumu ileile, kwa kipimo cha tiba. Katika utafiti wa mwaka 2013 wa wagonjwa ambao chembe zao nyeupe hazikuwa zimepanda sana, waliopewa ATRA na aseniki bila kemo, 99 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka 2. Katika lukemia zote kali za mailoidi, hii ndiyo inayopona kuliko zote. Na ndiyo inayoua kwa haraka kuliko zote, kwa kuvuja damu, mara nyingi kwenye ubongo, siku za mwanzo kabisa kabla dawa haijaanza.

Ndiyo maana ugonjwa huu haungoji ripoti ya jeni. Daktari akiushuku tu, ATRA inaanza siku hiyohiyo; kipimo kikija kusema siyo, inasimamishwa. Kinachozua shaka kinaonekana kwa kioo na hadubini ambayo huenda na ninyi mnayo: seli kubwa zilizojaa chembechembe za zambarau, nyingine zina vijiti vyembamba vyekundu vimelala pamoja kama mzigo wa kuni. Mara nyingi chembe nyeupe ziko chini, si juu, ndiyo maana watu hawafikirii saratani.

Akija mwingine kama huyo, usichome sindano ya msuli, na usimpe aspirini wala diklofenaki. Toa tone la damu, pakaza kwenye kioo, mtaalamu wa maabara apake rangi, mpige picha kwa simu kupitia jicho la hadubini mumtumie daktari wa hospitali ya rufaa huku gari likitiwa mafuta. Mpigie kabla gari halijaondoka, umuulize kama ATRA ipo kwake. Kama haipo, aanze kuitafuta mgonjwa akiwa bado barabarani. Uliza pia kama wana chembe sahani. Na juu ya karatasi ya rufaa, kabla ya jina la kituo, andika kwa herufi kubwa: ANAVUJA DAMU, SHUKU PROMAILOSITI.